Usinunue sensa bado: kumtafuta mkosaji nyuma ya taa ya ABS

Nilikuwa chini ya Noah ya mtu, miguu tu ikionekana nje, nikasikia sauti ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye gari lake nalijua tangu lilipotoka bandarini. "Toka huko unisalimie." Nikatoka, nikampa shikamoo yake, akaipokea, kisha akaingia kwenye shida bila kuzunguka. Corolla yake ikikaribia kusimama getini kwake, pedali ya breki inampiga teke mguuni, na huko mbele chini ya boneti kunakoroma kama mtu anasukutua koo. Barabara kavu, mwendo wa kobe. Taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikamate ukikanyaga breki kwa nguvu, haiwaki. Gereji aliyoanzia walimbadilishia sensa ya mbele kushoto, tatizo likabaki. Wakambadilishia ya kulia, likabaki. Sasa wanamwambia pampu nzima ya ABS imekufa, na bei waliyomtajia ndiyo iliyomleta kwangu, mkononi ameshika bahasha ya kaki yenye zile sensa mbili za zamani.

Nilizipima palepale juu ya benchi. Zote nzima.

Bahasha ile ndiyo imenifanya niandike, maana nimeona nyingi za namna yake. Mashine ya kupimia inasema sensa ya mbele kushoto, fundi ananunua sensa ya mbele kushoto. Hata pale mashine isiposema kitu, bado inanunuliwa sensa, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha ABS ambacho watu wanakijua kwa jina. Lakini sensa ni shahidi tu. Ukisikia shahidi kababaika, uliza kwanza alichokuwa anakitazama, na nani alipeleka maneno yake mahakamani.

Neno lenyewe kwanza. Vitabuni utakuta kihisi mwendo cha gurudumu, lakini gereji hakuna anayesema hivyo. Tunasema sensa ya ABS, na asiyezoea hudhani tunaongelea ile ya watu na makazi ya 2022. Hajakosea sana, kwa sababu hii nayo kazi yake ni kuhesabu. Inahesabu meno.

Kwenye Corolla ya umri ule, nyuma ya gurudumu la mbele kuna ringi ya chuma yenye meno 48, imevishwa kwa kubanwa kwenye kichwa cha shafti, pale kwenye joiniti ya nje. Sensa imesimama mbele ya meno hayo, imeachana nayo kwa nafasi ya kama milimita moja, haigusi chochote. Jino likipita umeme mdogo unapanda, bonde likipita unashuka, na kompyuta ya ABS inahesabu mapigo hayo. Tairi la 185/65R15 lina mzunguko wa karibu mita 1.95. Ukiwa kilomita 40 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 5.7 kila sekunde, na kompyuta inapokea mapigo kama 273 kwa sekunde kutoka kwenye kona moja tu ya gari. Kona ziko nne.

Bosch walipoiingiza ABS ya kielektroniki sokoni mwaka 1978, ndani ya Mercedes-Benz S-Class, wazo lilikuwa hilihili la leo. Gurudumu likipunguza mwendo ghafla kuliko gari lenyewe linavyoweza kupunguza, basi breki imelikamata na linaburuzwa. Fungua vali, punguza presha ya kona ile, liache lizunguke, rudisha presha. Mchezo huo unarudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, na mafuta ya breki yanayotolewa kule kwenye gurudumu pampu inayasukuma kurudi kwenye masta silinda, ile inayosukumwa na pedali yako. Hapo ndipo mguu unapopigwa teke.

Kwa hiyo mapigo yakikatika, kwa sababu yoyote ile, kompyuta ina maelezo mawili tu ya kuchagua. Ama kuna hitilafu, nayo itajizima na kukuwashia taa. Ama gurudumu limekamatwa kweli, nayo itafungua vali. Kosa la kwanza ni la kuudhi. La pili linakuondolea breki ulipozitaka, na linaweza kufanya hivyo bila kuwasha taa yoyote.

Kabla hujashika mita, jua sensa yako ni ya ukoo gani, kwa sababu kipimo cha ukoo mmoja hakina maana kwa mwingine, na wakati mwingine kinaua.

Ya kizamani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hailishwi umeme na mtu. Inauzalisha yenyewe meno yakipita, sawa na dainamo ya baiskeli. Na aliyewahi kuendesha baiskeli usiku anajua tabia ya dainamo: ukikanyaga kwa nguvu taa inang'aa, ukipunguza inafifia, ukikaribia kusimama unabaki gizani. Sensa hii ni hivyohivyo. Hata ikiwa nzima kabisa, mwendo ukishuka hadi kilomita chache kwa saa umeme wake unakuwa mdogo mno kuhesabika. Kompyuta inalijua hilo, na chini ya mwendo huo haisumbuki. Likumbuke jambo hili, tutalirudia kwa mwalimu.

Ya kisasa ndani ina chipu. Kompyuta inailisha umeme, yenyewe inajibu kwa kubadilisha mkondo unaopita kwenye waya zilezile mbili: miliampea 7, kisha 14, kisha 7, kisha 14. Mapigo yake yana nguvu ileile ukiwa kilomita 100 au ukiwa unasukuma gari kwa mkono, na baadhi yake zinajua hata kama gurudumu linakwenda mbele au linarudi nyuma. Mara nyingi haisomi meno ya chuma bali ringi nyembamba ya sumaku iliyofichwa kwenye sili ya beringi, ncha ya kaskazini, ncha ya kusini, zikipishana kuzunguka duara. Kwa macho huoni kitu zaidi ya mpira mweusi.

Kuzitofautisha ni rahisi. Chomoa plagi ya sensa, washa swichi bila kuwasha injini, pima volti upande wa waya zinazotoka kwenye gari. Ukikuta karibu volti 12, ujue kuna chipu inayosubiri kulishwa. Ukikuta volti moja mbili hivi, kwa kawaida ni ya sumaku na waya. Usiguse waya hizo kwa taa ya kupimia yenye glopu. Mafundi wa zamani wanaipenda, lakini inavuta mkondo mkubwa kuliko kompyuta ilivyopangiwa kutoa.

Basi taa imewaka. Taa ipi? Ya njano yenye herufi ABS, ikiwa peke yake, inamaanisha breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu magurudumu yanaweza kukamata. Gari linaendesheka kwa uangalifu. Ikifuatana na taa nyekundu ya breki, habari ni nyingine: ama mafuta ya breki yamepungua, ama ule mgawanyo wa presha kati ya mbele na nyuma haufanyi kazi tena, na magurudumu ya nyuma yanaweza kutangulia kukamata. Hapo usiendelee na makala hii, simamisha gari. Kwenye magari yenye udhibiti wa kuteleza, taa za VSC na TRC huwaka pamoja na ya ABS kwa sababu zote zinakula sahani moja: mapigo ya sensa zilezile nne. Na pale ambapo mshale wa spidi unapata habari zake kutoka kompyuta ya ABS, nao unaweza kulala.

Anayenunua gari lililotumika, aongeze hili. Ukiwasha swichi taa ya ABS lazima iwake kwa sekunde chache kisha izime. Ikiwa haiwaki kabisa, huenda mtu ameng'oa glopu. Ikiwa inazimika sekunde ileile inapozimika taa ya oili au ya chaji, huenda mtu ameziunganisha ili usijue. Nimefungua dashibodi nyingi na kukuta waya wa namna hiyo, umefungwa kwa utepe vizuri kuliko waya wa kiwandani.

Kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imezihifadhi, kunahitaji mashine inayofika kwenye ABS. Vile vidude vidogo vya Bluetooth vinavyouzwa mitandaoni, vikiwa na programu ya kawaida, vinasoma injini tu. Kodi za ABS zinaanza na herufi C na zinahitaji programu inayomjua mtengenezaji. Toyota nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zinakubali njia ya kimaskini: unaunganisha kwa waya tundu namba 13 na namba 4 kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unawasha swichi, unahesabu taa ya ABS inavyokonyeza. Konyeza tatu, pumzika, konyeza moja: 31. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, hakuna kodi. Kuwa makini na namba 16, kwani hapo umeme wa betri upo muda wote, na ukiupeleka namba 4 ambayo ni bodi, utanunua fyuzi kama si zaidi.

Kwenye Toyota, 31 au C0200 ni mbele kulia, 32 au C0205 ni mbele kushoto, 33 au C0210 nyuma kulia, 34 au C0215 nyuma kushoto. Kulia ni kulia kwa aliyekaa kwenye usukani. Utacheka, lakini nimeona sensa nzima zimeng'olewa kwa sababu fundi alisimama mbele ya gari, akilitazama usoni, akafuata mkono wake mwenyewe.

Kodi imekupa kona. Haijakupa kifaa. Kwenye kona hiyo wapo washukiwa: ringi, nafasi kati ya ringi na sensa, beringi, sensa yenyewe, waya wake, plagi, na mwishoni kabisa kompyuta. Mimi naanza na macho na tochi kabla ya mita. Gurudumu linatoka, natazama waya kutoka kwenye sensa hadi unapoingia ndani ya bodi. Waya wa mbele unakunjwa kila ukikata kona na kunyooshwa kila ukipita tuta, na hapa kwetu matuta hayahesabiki. Unaweza kukatika ndani huku ngozi ikiwa nzima, hasa pale kwenye kibano kilichofungwa kwenye shokapu. Ukiupapasa kwa vidole unasikia sehemu moja imelegea kama utumbo. Aliyebadilisha shokapu majuzi akasahau kurudisha kibano ameuacha usuguane na tairi. Ndani ya plagi tafuta ukijani wa kutu ya shaba. Kwa magari ya pwani huo ni mgeni wa kila nyumba.

Kisha mita, kwa sensa ya sumaku. Nyingi zinasoma kati ya ohm 600 na 2,500, na mashikizo yake yote mawili yasiwe na mawasiliano yoyote na bodi. Usibishane na namba, linganisha na mwenzake wa upande wa pili. Kushoto 1,100 na kulia 1,150 ni ndugu. Kushoto 1,100 na kulia 4,000, mmoja mgonjwa. Pima tena gari likiwa limetoka safari ya mbali, kwa sababu shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Ohm 1,000 asubuhi zinaweza kuwa 1,300 karibu na diski iliyochemka, na hiyo ni halali. Isiyo halali ni ile inayosoma vizuri ikiwa baridi na kukatika kabisa ikiwa moto, ndiyo inayowafanya wateja waonekane waongo mbele ya fundi.

Halafu, sensa ikiwa bado imefungwa mahali pake, weka mita kwenye volti za AC na uzungushe gurudumu kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde. Ukipata kama volti 0.1 au zaidi, inazalisha. Kipimo hiki nakipenda kuliko cha ohm, kwa kuwa kinauliza sensa, nafasi na ringi kwa pamoja. Sensa yenye ohm nzuri lakini haitoi volti iko mbali na meno.

Ya chipu usiipime ohm. Namba utakayopata haisemi chochote, na mita nyingine zinaweza kuidhuru. Hakikisha volti zinafika, kisha ingiza ukinzani wa ohm 100 kwenye waya mmoja na upime volti juu yake huku mwenzako akizungusha gurudumu polepole: inaruka 0.7, 1.4, 0.7, 1.4. Ikiruka, sensa inaongea. Ikiganda kwenye moja, au sensa imekufa au hakuna sumaku inayopita mbele yake.

Na hapo ndipo beringi inapoingia. Mteja anakuja: taa imewaka siku ileile alipobadilisha beringi. Beringi yenye ringi ya sumaku ina mbele na nyuma. Ikipigwa kwa upande usio wake, gurudumu linazunguka vizuri, halipigi kelele, na sensa inatazama chuma tupu. Kabla hujaipiga presi, gusisha pini ndogo ya karatasi kwenye sili za pande zote mbili. Upande wa sumaku unaishika, kidogo tu, lakini unaishika. Huo ndio unaotazama sensa. Na beringi iliyolegea, hata isiyo na sumaku, inayumbisha ringi, nafasi inapanuka na kupungua kila mzunguko. Hapo ukibadilisha sensa utakuwa umempa shahidi mpya miwani huku anachokitazama kinacheza.

Sasa turudi kwa mwalimu, maana taa yake haikuwaka na kodi haikuwepo.

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa la kielektroniki. Nilichomoa fyuzi ya ABS, taa ikawaka kama inavyopaswa, nikaendesha gari polepole uani na kulisimamisha mara tano. Pedali ikatulia kama ya gari jipya. Nikarudisha fyuzi, teke likarudi. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kinatenga mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Diski iliyopinda nayo inatikisa pedali, lakini inatikisa zaidi ukiwa kwenye mwendo mkubwa na haijali fyuzi. Teke la mwendo wa kobe linalopotea fyuzi ikitoka ni ABS inayojiingiza isipotakiwa.

Kisha nikaunganisha mashine, nikaacha habari za kodi, nikafungua ukurasa wa mwendo wa kila gurudumu. Mwalimu akaendesha, mimi nikatazama kioo. Kilomita 30, namba nne ziko sawa. 20, sawa. Akaanza kukanyaga: 14, 14, 14, 14. 11, 11, 11, 11. Halafu 9, 9, 9, na ya mbele kushoto 0. Ikarudi 8. Ikaanguka tena. "Umeona?" nikamwambia. "Naona gari, sioni mashine yako," akanijibu, macho barabarani, na alikuwa sahihi.

Kwa kompyuta, gurudumu lililotoka 9 hadi 0 kufumba na kufumbua limekamatwa. Ikafungua vali ya kona ile, pampu ikanguruma, mguu ukapigwa, gari likasogea nusu hatua zaidi kuelekea geti. Haikuwasha taa kwa sababu kwa macho yake hakuna kilichoharibika. Ilifanya kazi iliyoundwa kuifanya, kwa habari za uongo.

Na uongo ulianzia kwenye ringi. Ilikuwa na ufa mmoja, mwembamba kama unywele, katikati ya meno mawili. Kutu ilikuwa imeota chini ya ringi, kati yake na kichwa cha shafti, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikaisukuma ringi kutoka ndani hadi ikapasuka. Penye ufa bonde ni pana kuliko mabonde mengine. Kwenye mwendo mkubwa umeme una nguvu na hesabu inapita bila kujali. Kwenye kilomita 10 gurudumu linazunguka mara moja na nusu hivi kwa sekunde, dainamo imeshafifia, na kila ufa unapopita pigo linapotea. Mita ya kawaida haikuonyesha hilo, inatoa wastani tu. Osiloskopu, mashine inayochora umeme kama mstari kwenye kioo, ingelionyesha kama jino lililong'oka kwenye tabasamu. Mimi nililiona kwa tochi, nikizungusha gurudumu taratibu jino baada ya jino, na ukucha.

Magari yetu mengi yaliishi maisha yake ya kwanza Japani, na yale ya kaskazini mwa nchi ile yamepita misimu ya theluji kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi. Chumvi ile inaendelea na kazi yake hata gari likishafika huku kwenye joto. Marekani mwaka 2005 General Motors waliita tena malori madogo na magari yao makubwa ya miaka ya 1999 hadi 2002 katika majimbo yenye chumvi barabarani, kwa ugonjwa wa jamii hii: kutu ilikuwa inainua sensa za mbele kutoka mahali pake, nafasi inaongezeka, na ABS inajiingiza gari linapokaribia kusimama. Sensa yenyewe nzima, imeinuliwa tu. Kwa hiyo ukishaitoa sensa, isafishe na kiti chake. Bolti kwa kawaida ni ya spana namba 10, inatoka kirahisi. Sensa ndiyo inayogoma. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, ipe muda, izungushe kushoto kulia. Ukiichokonoa kwa bisibisi itakatika kichwa, halafu utabaki na shimo lililoziba na jioni ndefu.

Ringi peke yake hatukuipata, tukaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta shafti iliyotumika. Shafti ya kwanza aliyotuletea muuzaji haikuwa na ringi kabisa, imetoka kwenye gari lisilo na ABS. Ingefunga bila shida, gari lingetembea, na taa ingewaka kabla hatujafika Ilala Boma. Ya pili ilikuwa na ringi. Muuzaji akasema ni ileile. Nikaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, mwalimu akainama, akaanza kuhesabu kwa sauti kama yuko darasa la kwanza, kijana wa duka naye akajikuta anaitikia. Arobaini na saba, arobaini na nane, chaki. Ringi yenye meno pungufu au zaidi inaipa kompyuta gurudumu linalokwenda mwendo wake peke yake, na hakuna sensa itakayoliponya hilo.

Tukafunga jioni ile. Kwa magari yenye kodi, kufuta kodi kunahitaji mashine, au kwa Toyota zile za 13 na 4, kukanyaga breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano waya ukiwa bado umeungwa. Kung'oa terminali ya betri mara nyingi hakufuti kitu. Baada ya hapo usiogope taa ikibaki kwa muda. Magari mengine hayaizimi hadi yatembee kidogo na kuona magurudumu yote manne yanaongea lugha moja. Kwake hapakuwa na cha kufuta. Tulikwenda hadi getini kwake, akasimama, akarudi nyuma, akasimama tena, mara sita au saba, majirani wakitutazama.

Kisha akaichukua ile bahasha ya kaki kwenye kiti cha nyuma. "Na hizi?"

"Ziweke vizuri, mwalimu. Ni nzima."

Akazitazama, akazitazama zile mpya zilizoko kwenye magurudumu, akasonya, akaingia ndani kuniletea chai.